Upogo wa Draivu ya Khalfan

Wanangu, kabla hamjafungua mashine ya mtu yeyote wa Maskati, inuseni kwanza. Msinicheke. Najua nyinyi mnafundishwa kuvaa glavu, kuchomeka waya, na kusoma kwenye kioo kila ugonjwa na dawa yake. Yafanyeni yote hayo, lakini pua itangulie. Mimi, Zuwena, nilikuwa fundi wa kompyuta za nyumbani hapa Darsait, zama zile kompyuta ilikuwa kibodi nene inayochomekwa kwenye televisheni, na somo la pua nililipata kwa aibu.

Bibi mmoja wa Qurum alileta kompyuta ya nyumbani kwake pamoja na draivu yake ya disketi, ambayo ilikuwa sanduku la bati peke yake, zito kama tofali. Disketi hazisomeki. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo juzijuzi, kichwa kimejaa michoro, nikaamua palepale kwamba chipu inayoisimamia draivu imekufa. Nikaing'oa, nikatia mpya. Wapi. Nikasema hii mpya nayo mbovu, nikatia nyingine. Wapi tena. Fundi mkubwa wa karakana, Khalfan, alikuwa meza ya pili anakunywa kahawa yake, ananitazama. Alipoona nataka kuchukua chipu ya tatu akainuka, akaibeba ile draivu mpaka puani, akavuta pumzi kama anayenusa pilau.

"Zuwena, hii imefukizwa."

"Imefukizwa vipi?"

"Udi, mama. Na udi mzuri. Hawa watu wanajiweza."

Kumbe yule bibi kila magharibi akiweka chetezo chini ya meza ileile yenye kompyuta, nguo za watu wa nyumba zinapata moshi wao, na draivu inapata wake. Mafuta ya udi yanaingia kwenye mdomo wa draivu na kuganda juu ya kichwa kinachosoma. Khalfan alichovya pamba kwenye spiriti, akapitisha mara moja, pamba ikatoka rangi ya kahawia. Disketi ikasoma. Zile chipu mbili nilizozing'oa zilikuwa nzima kabisa, na siku nzima Khalfan alikuwa akiziomba radhi kwa sauti ili nisikie.

Ngoja niwaeleze hiyo chipu inafanya nini, maana nyinyi hamkuiona, na bila ya kuijua hamtafahamu kilichonipata baadaye. Sisi tulikuwa tukiiita msimamizi. Ndani ya kompyuta muna chipu kuu, ndiyo ubongo, lakini ubongo ule haukujua lolote kuhusu disketi. Disketi yenyewe ni duara la plastiki laini lililopakwa unga wa sumaku na kutiwa ndani ya mfuko mweusi. Maneno na hesabu huandikwa juu yake kwa njia za mviringo, moja ndani ya nyingine, na kila njia imegawanywa vipande. Draivu nayo ni mtambo tu. Mota moja inazungusha disketi, mota nyingine inakisogeza kichwa hatua kwa hatua, na kichwa kinasikia sumaku bila ya kujua kinasikia nini. Baina ya ubongo na mtambo ndipo alipokaa msimamizi, chipu nyeusi yenye miguu mingi, mara nyingi imo ndani ya katriji inayochomekwa nyuma ya kompyuta.

Ubongo unamwambia: nataka kipande hiki cha njia ile. Msimamizi anawasha mota, anangoja mzunguko utulie, halafu anaanza kukisogeza kichwa. Na hapa ndipo nilipompendea, kwa sababu haoni. Mahali pamoja tu anapapajua kwa hakika, njia ya sifuri, ile ya nje kabisa, maana pale pana swichi inayomwambia umefika. Kutoka pale anahesabu hatua gizani. Akifika anapodhani ndipo, anasimama na kusikiliza, kwani kila kipande kimeandikwa jina lake mwanzoni. Akisikia jina silo, basi amepotea, na inabidi arudishwe sifuri aanze kuhesabu upya. Ile sauti ya ta-ta-ta-ta-ta ambayo wazee wenu wanaikumbuka, ndiyo hiyo.

Akisikia jina ndilo, anaanza kupokea mapigo ya sumaku. Anachambua yepi ni ya kushika mwendo na yepi ni ya data, anayajenga herufi moja baada ya moja, na kila herufi anaukabidhi ubongo. Ubongo ukizubaa, herufi inayofuata inaifuta iliyotangulia, na msimamizi hawezi kusubiri kwa sababu disketi inazunguka na haisubiri mtu. Kipande kikimalizika, anajumlisha yote aliyoyasikia na kulinganisha na jumla iliyoandikwa mwisho wa kipande. Zikiwa sawa, anasema salama. Zikitofautiana, herufi ameshakupa, lakini anakuonya kwamba hazidhamini. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo Maskati na sikuona wengi wenye uungwana huo.

Khalfan alijifunza ufundi kwa kutengeneza redio, Unguja, kabla ya mapinduzi kuwatawanya watu wetu, na alikuwa amefika Omani kijana mtu mzima, tofauti na mimi niliyeletwa nikiwa msichana wa skuli. Yeye Unguja alikuwa nayo yote kichwani. Akisikia draivu inarudi sifuri kwa kishindo alikuwa akisema, "Laiti na mie ningekuwa na swichi kama hiyo. Nikipotea tu, ta-ta-ta, nnajikuta kwetu Mlandege." Aliyasema kwa mzaha na mimi nikicheka. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Alinifundisha kusikiliza. Alikuwa akinigeuza nitazame ukuta, kisha anaitia draivu kasoro kwa makusudi na kuniuliza ina nini. Mkanda umelegea. Swichi ya sifuri imechafuka, ndiyo maana kichwa kinagonga ukutani kama mlevi. Mwendo umepungua, kwa hivyo msimamizi anapokea mapigo yakiwa yamesambaa na hawezi kuyapambanua. Mwanzoni nilikuwa nakosea yote. Nilifika mahali nikawa naweza kusema ugonjwa kabla mwenye mashine hajamaliza kusalimia, na nikawa na kiburi kidogo, mpaka alipokuja mzee mmoja wa Mutrah na disketi zake zote zimekufa. Nikasikiliza draivu, nzima. Nikanusa, inanukia waridi. Nikamuuliza, "Babu, mmezifanya nini?" Akasema zilikuwa na vumbi, basi kazikosha kwa maji ya waridi, kwa heshima, kwa sababu ndani yake mna hesabu za msikiti. Khalfan alikwenda kucheka nyuma ya jokofu ili mzee asimwone.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kichwa cha draivu kinatakiwa kikae katikati ya njia barabara. Kikipogoka kidogo, unywele tu, kinaandika pembeni. Shetani wa jambo hili ni kwamba mwenye draivu hajui. Draivu iliyopogoka inaandika kwa upogo na inasoma kwa upogo uleule, kwa hivyo yenyewe inajiona sawa na mwenyewe anaiona sawa. Lakini chukua disketi hiyo uitie kwenye draivu ya jirani: kichwa kinapita ukingoni mwa maandishi, sauti ya sumaku inafika hafifu, na msimamizi anatafuta jina la kipande halisikii. Anarudi sifuri, anahesabu upya, anasikiliza, hapana. Watu walikuwa wakigombana kwa ajili ya hilo. Huyu anasema disketi yangu nzima, yule anasema draivu yangu nzima, na wote wawili wanasema kweli.

Dawa ni kuinyoosha. Unalegeza skrubu zinazoishika mota ya kichwa, unaigeuza mota kidogo sana huku unatazama nguvu ya mapigo kwenye kioo cha kupimia, na yakifika kileleni unakaza. Karakana yetu ilikuwa na draivu moja ambayo Khalfan aliinyoosha kwa mkono wake mpaka akaridhika, na ikawa ndiyo kipimo cha draivu zote za watu. Kuizuia skrubu isije ikajilegeza alitaka tone la rangi. Akatazama huku na huku, akaniambia, "Zuwena, huna rangi ya kucha?" Nikaona haya kama nini. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, nyekundu, karibu imejaa, maana kucha iliyopakwa haishiki udhu, na mtu anayesali vipindi vyake vyote hapati nafasi ya kuipaka. Akadondosha tone moja juu ya kila skrubu, akaniambia mbele ya watu wote, "Hizi skrubu zimeolewa. Asiziguse mtu." Haukupita muda akaleta wazee wake nyumbani kwetu.

Basi mimi nikaolewa na mnyooshaji wa draivu mashuhuri kuliko wote baina ya Ruwi na Mutrah, na nakuambieni, draivu ya nyumbani kwake ilikuwa imepogoka vibaya. Nilimwambia tangu wiki ya kwanza. Akasema, "Haya, kesho." Kila nikimkumbusha, kesho. Mchana kutwa ananyoosha za watu, jioni anakaa sebuleni mbele ya televisheni na ile draivu yake ya upogo, anaandika programu zake. Aliandika moja ya nyakati za sala za Maskati, jamaa wote wakaitaka, na hakuna aliyeweza kuisoma kwao. "Wacha waje hapa," alisema. "Nnataka wageni mie."

Mwaka wa mwisho alikuwa na programu nyengine. Nilikuwa nikitumwa kwenye ofisi za Qurum na za Maskati mjini kutengeneza mashine, narudi nimechelewa, namkuta yuko kwenye kibodi, anakifunika kioo kwa kilemba chake.

"Usichungulie."

"Kitu gani?"

"Chako. Ngoja imalizike."

Juu ya mfuko wa disketi aliandika herufi moja tu, Z. Mimi nikaacha, kwa sababu nilipenda kuwa na kitu ninachongojea.

Khalfan alianguka alfajiri moja akitawadha, na hakuinuka. Sina zaidi la kusema hapo, na wenye kufiwa watanifahamu.

Mnajua kwetu mtu akifa nyumba inavyofanywa. Watu wanakuja kwa wingi, sebule inatolewa kila kitu, yanatandikwa mazulia ili watu wakae chini na kusoma. Shemeji zangu walibeba makochi, wakabeba meza, na ile draivu ikateleza kutoka juu ya meza ikaanguka kwenye sakafu ya marumaru. Hapana aliyekosa. Walikuwa wanafanya wajibu wao, macho yao yamejaa machozi. Mimi nilikuwa chumba cha ndani pamoja na wanawake, nikausikia ule mlio, na nikajua ni nini kimevunjika kabla hajaniambia mtu. Kichwa kilikuwa kimeng'oka kwenye mkono wake.

Eda ilipokwisha niliichukua ile disketi yenye Z, nikaipeleka karakana. Niliitia kwenye kila draivu tuliyokuwa nayo. Kila draivu ilikuwa imenyooshwa na Khalfan, na kwa hivyo hapana hata moja iliyoweza kumsoma Khalfan. Nilikaa namsikiliza msimamizi akienda sifuri na kurudi, akienda na kurudi, mpaka wenzangu wakanihurumia, wakaizima. Na kuna jambo jengine ambalo fundi yeyote analijua: kila kichwa kinapopita kinaikwaruza disketi, na unga wa sumaku ukibanduka haurudi tena. Nikaona nitaimaliza kwa kuitafuta. Nikaiweka kabatini, mbali na chetezo.

Kazi ikaendelea bila ya kuniuliza. Msimamizi akapunguzwa akatiwa ndani ya chipu kubwa pamoja na wenziwe, hana tena miguu yake mwenyewe. Kisha disketi zikapotea kabisa. Nikatengeneza mashine za ofisi, nikatengeneza printa, nikastaafu. Karakana ilipofungwa walituambia kila mtu achukue anachotaka kabla ya vilivyobaki kutupwa, nami nikachukua ile draivu ya kipimo yenye rangi yangu ya kucha juu ya skrubu. Niliifanya nini? Kuifuta vumbi tu. Nilikuwa nikizitazama zile skrubu nyekundu na kuona vidole vyake pale. Namtamani mume wangu mpaka leo, wanangu, na mtu asikudanganyeni kwamba jambo hilo linapungua.

Mwaka huu simu yangu ilizama kwenye ndoo nikifua, na ndani yake mlikuwa na picha za wajukuu wa ndugu zangu. Nikaelekezwa duka moja Qurum wanapookoa vitu vya watu. Nikakuta binti wa Kikenya nyuma ya kaunta, Wambui jina lake, anafungua simu kwa mikono mitulivu. Nikasema mwenyewe kwa sauti ya chini, "Huyu angalau hakurupuki." Akainua kichwa.

"Mama! Kumbe unaongea Kiswahili? Na hiyo yako ni ile ya redio kabisa."

"Ya redio ndiyo hii. Hiyo yako ni ya wapi?"

"Nakuru, mama. Usinicheke tu, hiyo ndiyo niko nayo."

Tukawa marafiki. Alinitolea picha zangu, na mazungumzo yakaja mpaka kwenye disketi. Yeye alikuwa hajaigusa hata moja kwa kazi, lakini alikuwa na kidude kidogo alichokiagiza kwa kutaka kujua, ambacho kinaichukua sauti yote ya sumaku kama ilivyo, bila ya msimamizi, halafu kompyuta ya leo inakaa kuichambua polepole. Msimamizi alikuwa hasubiri. Hicho kinanasa yote, na kazi ya kufikiri inafanywa baadaye. Nikamwambia vizuri sana, lakini kidude chako bado kinahitaji kichwa kinachopita juu ya maandishi, na kichwa hicho kimekufa zamani.

Ijumaa moja, maana huku na makanisa husaliwa Ijumaa, akitoka kanisani kwao Ruwi akaja kwangu Darsait na begi lake. Nikampa chai na vitumbua, nikamwonesha draivu na disketi, nikamhadithia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaigeuza draivu upande wa chini.

"Sasa mama, hii imenyooka?"

"Imenyooka kuliko zote."

"Na ile yake ilikuwa imepinda."

"Imepinda."

"Basi si tuipinde hii iwe kama yake?"

Nilikasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia mtoto wa watu aliyekuja kunisaidia siku yake ya mapumziko. Umri wangu wote nimekuwa nikinyoosha, sikuwahi kumsikia fundi anaipogoa draivu nzima. Na hata kama ingewezekana, ilikuwa lazima zile skrubu zilegezwe. Nikamwambia, "Mwanangu, unaiona hii rangi? Hii kaitia yeye kwa mkono wake. Mie sina kingine alichokifanya kikabaki vilevile."

Wambui akaweka kikombe chini. "Pole, mama. Nimeongea haraka. Khalas, tuache."

Mimi nikabaki nazitazama skrubu. Nilikuwa nataka kukijua kitu alichokuwa akinitengenezea, nakitaka kwa miaka yote hiyo, na kazi yake ilikuwa imekaa mlangoni, inanizuia kuifikia kazi yake. Nikimwacha alivyonyooka simpati. Nikenda jikoni nikarudi na bisibisi, na pamba, na ile spiriti.

"Yalla," nikamwambia. "Lakini skrubu nazifungua mie."

Rangi ile ilipasuka vipande vidogo, vikaanguka mezani. Wambui alitaka kuvikusanya nikamwambia aviache.

Hatukuanza na disketi yenye Z. Fundi haanzi na kitu kipenzi. Nilikuwa nayo ile ya nyakati za sala, iliyoandikwa na draivu ileile ya nyumbani, kwa hivyo ina upogo uleule. Tukaitia hiyo. Wambui akishika kompyuta yake na kuniambia mapigo yana nguvu gani, mimi nikiigeuza mota kwa ncha ya kidole. Upande wa kwanza yakazidi kufifia. Nikageuza upande wa pili.

"Inapanda, mama. Inapanda. Simama. Hapana, kidogo tena."

Miaka mingi sikuwa nimetumia vidole vyangu hivyo. Nikauegemeza mkono mezani, nikavuta pumzi, nikageuza kwa kupumua tu. Wambui akapiga ukelele. Nyakati za sala za Maskati zilikuwa kwenye kioo chake, adhuhuri, alasiri, zote. Nikakaza skrubu hapo hapo, kwenye upogo wa Khalfan, na mara hii hatukutia rangi.

Nikakifuta kichwa kwa pamba mara mbili. Nikasema bismillahi, nikaitia disketi yenye Z.

Draivu ikaenda sifuri. Ta-ta-ta-ta. Kisha ikaanza kutoka, hatua, kusikiliza, hatua, kusikiliza, na mimi nilikuwa nimefumba macho kama zamani, naelekea ukuta. Haikurudi nyuma hata mara moja. Nilipofumbua macho Wambui alikuwa amejifunika mdomo. Jumla zote zilikuwa zimelingana, kipande kwa kipande.

Kompyuta yake ilikuwa na programu inayoigiza zile mashine zetu, kioo cha buluu na herufi nyeupe nene. Akaiwasha disketi humo. Likatoka swali moja tu.

WEWE NANI?

"Niandike nini?" Wambui akauliza.

"Andika jina lako. Tuone."

Akaandika WAMBUI. Kioo kikafikiri, kikajibu: SIKUJUI MWANANGU. NIITIE ZUWENA.

Wambui akaisukuma kompyuta mbele yangu. Ikauliza tena, WEWE NANI? Vidole vyangu havikuzijua herufi zimekaa wapi. Nikatafuta moja moja. ZUWENA.

KARIBU ZUWENA. LEO UMECHELEWA. CHAI USHAKUNYWA?

Nikaandika kama ninavyomjibu mtu yeyote, kama nilivyokuwa nikimjibu yeye kila nikirudi kutoka Qurum viatu vingali miguuni. BADO.

Kioo kikauliza tena: CHAI USHAKUNYWA?

Wambui alikuwa ameifungua programu yenyewe pembeni, anasoma mistari aliyoiandika Khalfan. Akaniambia polepole, "Mama, ameweka majibu mawili tu, ndiyo na hapana. Hiyo bado hakuiweka."

Nikacheka kwa kilio. Mtu wa Unguja, kalelewa na mama yake na nyanya yake, anamwuliza mkewe ushakunywa chai na hakufikiri kwamba atajibiwa bado. Fundi mashuhuri kuliko wote. Nikamwuliza, "Na nikisema ndiyo kunatokea nini?"

Akaiteremsha ile mistari mpaka mwisho. "Ukisema ndiyo, inaisha. Ukisema hapana, pia inaisha. Hakuna mistari mingine, mama. Ni kama hakuwa amemaliza."

Adhana ya alasiri ikaanza msikiti wa nyuma. Wambui akafungasha waya zake taratibu, akaniachia kompyuta yake mpaka kesho, akatoka kwa kunyata na kurudisha mlango. Nilisali, nikarudi nikakaa. Kioo kilikuwa bado kinaningoja.

CHAI USHAKUNYWA?

BADO, nikaandika.

CHAI USHAKUNYWA?

BADO.